Bunduki ghali haitatosha kuilinda bara ya Lamu

Hapa Lamu kuna mjadala usiokwisha, unaahirishwa tu. Kila kijiji cha bara kinapovamiwa usiku, kama ilivyokuwa Widho Januari 2022, kisha Juhudi na Salama Juni 2023, asubuhi yake hoja ileile huamka: polisi wa akiba wapewe bunduki mpya, za kisasa, za bei, si hizi kuukuu walizo nazo. Sasa hoja hiyo imerudi tena. Nimeisikia Mkunguni mbele ya ngome, nimeisikia gatini Mokowe watu wakingoja boti, na nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu, waliozika jamaa zao. Sibishani na uchungu wao, wala na haki yao ya kulindwa. Ninachobishana nacho ni imani iliyojificha ndani ya hoja hiyo, kwamba bunduki ya bei mara tatu humlinda mtu mara tatu.

Msimamo wangu ni kwamba bei ya bunduki ina kizingiti. Chini ya kizingiti hicho, urahisi wa bei humuua mwenye bunduki kabla hajaonana na adui. Juu yake, kila shilingi inayoongezwa hununua kitu ambacho mlinzi wa vijiji vya bara kama Hindi au Pandanguo huenda asikitumie maisha yake yote, na shilingi hiyohiyo ingeweza kununua vitu vinavyookoa roho. Na kizingiti chenyewe kiko chini kuliko tunavyodhani. Tukikosea hapa, serikali inaweza kutuletea makasha ya silaha zinazong'aa, tukapiga makofi, na mwaka wa pili tukarudi kulekule kwenye matanga.

Ni vyema kwanza tukumbuke hawa polisi wa akiba ni nani. Kikosi chao kilianzishwa mwaka 1948, enzi za Mwingereza, na leo kinatajwa katika Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Ni wanakijiji: mkulima wa simsim, mfugaji, mvuvi, mwenye duka, ambao hupewa silaha ya serikali ili wasaidie pale ambapo polisi wa kawaida wako mbali. Kwa miaka mingi wengi wao wamefanya kazi hiyo bila mshahara. Mikononi mwa polisi wa akiba wa Kenya zimepita .303 za Kiingereza zilizobuniwa kabla ya babu zetu kuoa, G3 za Kijerumani, na bunduki za ukoo wa Kalashnikov. Mtu akiwaona wamebeba .303 yenye kitako cha mti kilichofungwa kwa waya, ni rahisi kuamini kwamba tatizo lote liko hapo, na kwamba dawa yake inauzwa dukani.

Lakini sisi wananchi tunaipimaje bunduki? Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kwa ndugu zetu Waaweer wa msitu wa Boni amri hiyo ilikata maisha ya vizazi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humruhusu raia kumiliki bastola au bunduki ndogo kwa cheti tu, baada ya kuchunguzwa, na bunduki za kivita haziruhusiwi kabisa. Naunga mkono ukali huo. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba karibu hakuna mtu wa kawaida hapa aliyewahi kushika bunduki mbili tofauti akazilinganisha, kama tunavyolinganisha mashine za boti au cherehani. Kwa kukosa ujuzi huo, tumeshika kipimo kimoja tu kinachosomeka na kila mtu, nacho ni bei. Na methali tunayo ya kukitetea: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Basi tuulize bei hununua nini hasa. Kitu cha kwanza kinachosifiwa ni shabaha. Bunduki ghali ya kulengea, mikononi mwa mpigaji hodari, huweza kuweka risasi zake ndani ya duara la sentimita 3 kwa umbali wa mita 100. Bunduki ya kawaida ya ukoo wa Kalashnikov hutawanya risasi zake katika duara la sentimita 10 au zaidi. Kwenye karatasi ya mashindano tofauti hiyo ni kubwa mno. Sasa ichukue tofauti hiyo uipeleke kwenye vichaka vya Pandanguo saa nane za usiku, mahali ambapo mtu haoni mita 30 mbele yake. Kwa umbali huo tofauti ya bunduki mbili hizo imebaki sentimita chache, ilhali mkono wa mtu aliyeamshwa na mayowe, moyo ukimwenda mbio, unatetemeka kuliko hivyo mara nyingi. Hapo shabaha ya mtutu ni bora zaidi ya shabaha ya mwenye mtutu, na kuongeza pesa kwenye mtutu ni kumwaga maji baharini.

Kitu cha pili ni kutegemeka, yaani bunduki isikwame. Hapa ndipo imani ya bei inapovunjika vibaya zaidi, maana historia yenyewe imeipinga. Bunduki ya Kalashnikov ilipoingizwa jeshini na Umoja wa Kisovieti mwaka 1949, mafundi walihangaika kwa miaka kutengeneza mwili wake kwa bamba la chuma la kukandamizwa kwa mashine. Mwanzoni lilipinda, wakarudi kuchonga mwili huo kwenye pande zima la chuma, kazi ndefu na ya gharama. Ni mwaka 1959, lilipotoka toleo jipya liitwalo AKM, ndipo bamba lilipokubali, na bunduki ikawa nyepesi na nafuu zaidi kuliko ile ya gharama iliyoitangulia. Ila angalia mahali ambapo hawakubana pesa: ndani ya mtutu walipaka kromu ili kutu isishike. Urahisi wa namna hii ni akili ya miaka kumi iliyowekwa ndani ya chuma.

Mfano wangu wa pili ni wa Kimarekani. Thompson, bunduki fupi iliyopiga jina kote duniani, iliuzwa kwa zaidi ya dola 200 mwaka 1939. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, watengenezaji walilazimika kuuliza kila kipande kina kazi gani. Wakaondoa mapezi ya kupoza mtutu, wakaondoa kifaa cha mdomoni, wakaondoa hata kitasa cha ndani kilichokuwa fahari ya ubunifu wake, kwa sababu waligundua bunduki inafanya kazi bila hicho. Kufikia 1944 iliigharimu serikali dola 45 tu. Mwanajeshi aliyeibeba hakupoteza kitu cha maana. Hizo dola 150 na zaidi zilizopungua zilikuwa zinalipia nini miaka yote hiyo? Sehemu ililipia kazi ya mikono na wingi mdogo wa uzalishaji, na sehemu ililipia vitu ambavyo havikumsaidia mpigaji hata kidogo.

Hata hivyo wale wanaosema bunduki ni bunduki tu, na kwamba mchagua jembe si mkulima, nao wanakosea, na kosa lao ni la hatari zaidi. Waingereza walitengeneza Sten kuanzia 1941 kwa gharama ya kama dola 10, zikatoka kwa mamilioni. Iliwasaidia sana, lakini udhaifu wake ulijulikana na kila aliyeibeba: magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi. Risasi zilipangwa mistari miwili kisha zikalazimishwa kupita mlango wa mstari mmoja, na uchafu kidogo au mdomo uliopinda ulitosha kuikwamisha. Askari walijifunza kupunguza risasi chache kwenye magazini ili ipate kupumua. Hapo pesa ilibanwa mahali ambapo haikupaswa kubanwa. Tena ziko nakala za bunduki maarufu, zilizotengenezwa kwa chuma ambacho hakikukomazwa kwa moto vya kutosha, zinazofanana na asili yake kwa kila kitu ila kudumu. Kwa hiyo ninapotetea bunduki ya bei nafuu natetea ile iliyorahisishwa na fundi. Ile iliyorahisishwa na mlaghai haimo katika utetezi wangu, na mnunuzi asiyejua kutofautisha hizi mbili ni afadhali anunue ghali.

Na ghali nayo hukosea. Uingereza, nchi tajiri yenye viwanda na karne nyingi za kutengeneza silaha, iliwapa wanajeshi wake bunduki ya SA80 mwaka 1985. Katika Vita vya Ghuba vya 1991 mchanga uliikwamisha, magazini zilijiangukia zenyewe, na vipande vyake vya plastiki vilidhurika kwa dawa ya kufukuzia mbu. Mtu wa Lamu anayajua maisha ya mbu, anaweza kupima uzito wa kasoro hiyo. Mwishowe bunduki kama 200,000 zilipelekwa kwa Heckler & Koch, kampuni ya silaha ya Kijerumani, zikatengenezwa upya kwa zaidi ya pauni milioni 90. Kabla ya hapo Marekani ilikuwa na msiba wake huko Vietnam. M16 ilipofika ilikuwa ndiyo bunduki ya kisasa kuliko zote, na wanajeshi wakaaminishwa kwamba haihitaji kusafishwa sana. Vifaa vya kusafishia havikutosha, baruti ya risasi ikabadilishwa na ile mpya ikaacha masizi mengi zaidi, na chumba cha risasi hakikuwa kimepakwa kromu. Katika unyevu wa misitu ile ganda la risasi lilinata ndani, na vijana walikutwa wamekufa bunduki zao zikiwa zimefunguliwa, walikuwa wakijaribu kuzikwamua. Kilichoiponya bunduki hiyo ni kromu, vifaa vya kusafishia na mafunzo ya namna ya kuitunza. Ukizipima kwa gharama, hizo tatu ni kitu kidogo.

Nimekaa kwenye habari ya kutu kwa sababu Lamu ni nchi ya kutu. Hewa yetu ina chumvi, masika ina maji, na kaskazi ina vumbi. Muulize mvuvi wa Kizingitini kuhusu mashine ya boti. Atakwambia kwamba mashine ya bei kubwa isiyosuuzwa kwa maji matamu hufa kabla ya ile ya wastani inayosuuzwa kila jioni, na hakuna mtu atakayembishia. Ami yangu alikuwa polisi wa akiba huko bara. Bunduki yake aliivingirisha kikoi kizee na kuilaza juu ya dari, na mafuta aliyoipaka yalikuwa ya cherehani, aliyoyanunua kwa pesa yake kwa sababu hakuna aliyemletea mengine. Risasi alizopewa zilihesabika kwa vidole, na ya kujifunzia hakupata hata moja katika miaka yote niliyomjua na ile kazi. Masika moja komeo ilikataa kufunguka. Ile ilikuwa bunduki nzuri, iliyotengenezwa na mafundi wazuri, na kama ingekuwa ya bei mara kumi kutu ingeishika vilevile.

Wanaotaka silaha ghali wana hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni ya usiku. Vijiji vyetu huvamiwa gizani, na kifaa cha kuonea usiku ni ghali kweli, hakina mbadala wa bei nafuu unaofanya kazi ileile. Hapo nakubali mia kwa mia: pesa itolewe. Lakini hiki ni kifaa kinachofungwa juu ya bunduki au kuvaliwa usoni, na kinakaa vizuri na bunduki ya wastani kama kinavyokaa na ya kifahari. Kwa kweli kinaipa nguvu hoja yangu, kwa kuwa kila laki inayookolewa kwenye bunduki inaweza kuhamia huko. Hoja ya pili ni ya heshima. Mtu anayelala nje ya nyumba yake akilinda kijiji kwa bunduki iliyofungwa waya anahisi amedharauliwa, na mtu aliyedharauliwa hawezi kusimama imara. Hili ni kweli, limeniumiza kulisikia. Ila heshima hiyo ingeanza na posho inayofika kwa wakati, na bima kwa mjane wake, kabla ya chapa iliyoandikwa ubavuni mwa bunduki.

Hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo inayorudiwa zaidi, ni kwamba wavamizi wa Al-Shabaab wanatushinda kwa sababu wana silaha bora. Silaha zao kuu ni nini? Ni Kalashnikov za kawaida na maroketi ya begani ya ubunifu wa zamani. Hawana bunduki ya ghali kuliko ya polisi wetu. Walicho nacho ni uamuzi wa saa na mahali. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, wapiganaji wapatao 30 hadi 40 waliivamia kambi ya Manda Bay, hapa mlangoni petu. Ndani yake mlikuwa na Wamarekani, watu wenye silaha na vyombo vya bei ambayo kaunti yetu haiwezi hata kuiota. Wamarekani 3 waliuawa na ndege 6 zikaharibiwa. Uchunguzi wa jeshi lao wenyewe, uliotangazwa mwaka 2022, ulilaumu kujiamini kupita kiasi, ulinzi usioandaliwa vya kutosha na mafunzo hafifu. Ubora wa bunduki haukuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wa Shela bado husimulia vita vya zaidi ya miaka 200 iliyopita, pale Mazrui, watawala wa Mombasa, na watu wa Pate walipoteremsha majeshi kwenye fukwe ile wakiwa na hakika ya ushindi. Walishindwa, wakakimbilia majahazi yao, wakayakuta yamekaa juu ya mchanga kwa kuwa maji yalikuwa yamekupwa. Watu wa Lamu waliyajua maji yao, na hilo ndilo lililoamua siku ile kuliko gobori za upande wowote.

Tena kuna ukweli mchungu ambao hoja ya bunduki huufunika kabisa. Tangu operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka wavamizi msituni, ianze mwaka 2015, askari wengi waliopotea katika barabara zetu za Milimani, Baure na Kiunga waliuawa na mabomu yaliyotegwa njiani. Hakuna bunduki, iwe ya bei gani, inayomzuia mtu kukanyaga bomu. Kinachozuia ni gari lenye tumbo la kuhimili mlipuko, ni barabara ya lami ambayo ni vigumu kuichimba bila kuonekana, na ni mwanakijiji anayepiga simu akaaminiwa anapoona udongo umefukuliwa. Na simu yenyewe ipatikane, maana minara ya mawasiliano imeshalipuliwa mara nyingi upande huu.

Kuna pia hesabu ya uzito, ambayo wauzaji wa silaha hawaitaji mbele ya wanunuzi wa serikali. Risasi 100 za G3, zile za milimita 7.62 kwa 51, zina uzito wa kama kilo 2.4. Risasi 100 zilizo ndogo zaidi, za milimita 5.56, ni nusu yake. G3 yenyewe bila risasi ni zaidi ya kilo 4, urefu wake unapita mita moja, na inalisukuma bega kwa nguvu inayomtisha asiyeizoea. Ni bunduki madhubuti, hufika mbali, na kwenye nyika ya wazi naweza kuitetea. Kwa mzee wa miaka 55 anayepita kwenye matawi ya msitu, au kijana aliyepiga risasi tano tu katika maisha yake, ni mzigo. Hapa bunduki fupi na nyepesi ni bora, na ubora huo unatokana na kufaa mahali. Risasi ambazo nchi inajitengenezea katika kiwanda cha Eldoret nazo ziingizwe kwenye hesabu: bunduki ya kigeni inayotaka risasi ya kigeni ni deni la kila mwaka, hata ikipewa bure siku ya kwanza. Tangu 2021 kuna kiwanda cha bunduki Ruiru, kilichotangazwa kuwa na uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Sioni sababu ya kuvuka bahari kutafuta jina ikiwa cha nyumbani kimejaribiwa kwenye chumvi na mchanga wetu kikasimama.

Kwa hiyo zabuni ya silaha za polisi wa akiba wa Lamu isianzie kwenye chapa. Ianzie kwenye mtutu uliopakwa kromu, magazini zisizopungua tano kwa kila bunduki na vipuri vinavyopatikana nchini, na kila mfano ulazwe wiki kadhaa kwenye hewa ya bahari kabla ya kupigwa. Atakayefaulu kwa bei ya chini apewe kazi, bila kuona haya kwamba tumenunua cha rahisi. Kinachobaki kwenye bajeti kiende mahali ambapo ami yangu hakukiona: risasi za mazoezi za kutosha ili kila mtu apige mara kadhaa kwa mwaka akisimamiwa, mafuta na vitambaa vya kusafishia, fundi wa silaha anayezunguka vijijini, redio ya mawasiliano kwa kila kikundi, vifaa vya kuonea usiku hata kama ni viwili kwa kijiji, na posho. Na bunduki zihesabiwe kila mwezi kwa namba zake, maana silaha ya serikali inayopotea huku haipotelei hewani, inaangukia mikononi mwa mtu.

Siku makasha hayo yatakaposhushwa Mokowe, viongozi watapiga picha nayo, na sina kinyongo na picha. Naomba tu mwandishi mmoja miongoni mwetu asimame pale gatini aulize risasi za mazoezi ni ngapi kwa kila mtu, na mafuta ya kuzipaka bunduki hizo yako kwenye kasha lipi.